Mali Kauli: Njia za Bidhaa na Maduka ya Nyamagana



Katika kitabu cha kumbukumbu kama hiki ni desturi kuandika habari za waliojenga hekalu: waliotoa mchango, waliosimamia mafundi, walioongoza ibada za mwanzo. Habari hizo zina mahali pake katika kurasa nyingine. Sisi tumeona vema kuandika habari za kazi iliyowalisha wajenzi hao, yaani biashara ya duka. Na kwa kuwa duka ni kituo cha mwisho cha safari ndefu ya bidhaa, makala haya yatasimulia safari yenyewe: bidhaa zilifikaje Nyamagana, kwa njia zipi, kwa fedha za nani, na kwa nini wakati mwingine hazikufika.

Wataalamu wa biashara wa siku hizi huliita jambo hili mnyororo wa ugavi, na vijana wetu hulisomea vyuoni. Wazee wetu hawakuwa na jina hilo. Walilokuwa nalo ni neno ambalo hadi leo husikika kila asubuhi katika maduka ya jumla: mali kauli. Maana yake ni mali inayotolewa kwa neno la mtu, bila fedha mkononi, naye huilipa akishaiuza. Tunaamini kwamba historia ya biashara ya rejareja katika mji huu ni historia ya kauli hiyo. Ilipotimizwa na pande zote, bidhaa zilifika hata njia zilipokuwa mbaya. Ilipovunjwa, bidhaa zilipungua hata njia zilipokuwa nzuri.

Kabla ya meli

Biashara haikuanza na sisi. Kabla ya duka la kwanza kufunguliwa hapa, watu wa pwani za ziwa walikuwa na mitandao yao. Wahunzi wa Kirongo wa Uzinza, ng'ambo ya ghuba, walifua majembe ya chuma yaliyouzwa hadi Usukuma. Mitumbwi ilibeba chumvi, samaki, nafaka na ngozi kati ya visiwa na bara. Aliyetaka kufanya biashara hapa ilimbidi aingie katika mitandao hiyo na kuifuata desturi yake.

Mwingereza John Hanning Speke alipoliona ziwa kutoka upande wa Mwanza mwezi Agosti 1858, bidhaa za pwani ya bahari zilikuwa zikifika sehemu hizi kupitia Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Zilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, kila mmoja akichukua mzigo wa kilo 30 hivi. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora peke yake palikuwa na safari ya miezi miwili au mitatu. Kwa sababu hiyo ni vitu vyepesi vyenye thamani tu vilivyostahili gharama ya kubebwa: shanga, waya wa shaba, na vitambaa, hasa merikani, kitambaa kilichopewa jina la nchi kilikotoka, Marekani, kabla ya viwanda vya Bombay kuchukua nafasi hiyo. Kwenda pwani zilirudi pembe za ndovu.

Mzigo huo ulisafiri kwa mkopo. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja na Bagamoyo waliwakopesha viongozi wa misafara vitambaa na shanga, wakasubiri mwaka mmoja au zaidi walipwe kwa pembe. Mmoja wa waliojulikana sana ni Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1897 na ambaye ukarimu wake ulianzisha hospitali Bagamoyo na Dar es Salaam. Mkopeshaji hakuwa na njia ya kumfuata mdaiwa hadi bara. Alichokuwa nacho ni kauli ya mdaiwa, na kauli hiyo ndiyo iliyouvusha mzigo mapori yote.

Reli ya jirani

Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Lakini tukio lililoubadilisha mji huu halikutokea katika koloni lao. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ya Waingereza kutoka Mombasa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 900, ilifika ukingoni mwa ziwa mahali walipopaita Port Florence, ndipo Kisumu. Punde meli za mvuke zikaanza kuvuka maji: William Mackinnon, Winifred, Sybil, na baadaye Clement Hill. Safari iliyochukua miezi kwa miguu ikawa safari ya siku.

Ikawa ajabu ya kijiografia. Mwanza ilitawaliwa kutoka Dar es Salaam, lakini vitambaa, chumvi, sukari na mafuta ya taa vilifika kupitia Mombasa na Kisumu. Ngozi, karanga, mchele na samli vilitoka kwa njia hiyohiyo. Jambo hili liliwaudhi Wajerumani, nao wakaiharakisha Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwanza haikupata tawi lake la reli kutoka Tabora hadi mwaka 1928, wakati wa Waingereza. Kwa zaidi ya robo karne, basi, wenye maduka wa Nyamagana walitazama kaskazini, ng'ambo ya maji, walipotaka kujua mzigo wao uko wapi.

Mwalimu mkuu wa biashara ya zama hizo alikuwa Allidina Visram. Alizaliwa Kutch, akafika Unguja akiwa kijana mdogo, akafungua maduka kwanza katika njia za misafara na baadaye katika vituo vya reli na bandari za ziwa. Alikuwa Khoja wa madhehebu ya Ismailia, si wa imani yetu, lakini utaratibu wake uliigwa na Wahindi wa kila dini. Utaratibu huo unaweza kuelezwa kwa maneno machache. Katika kila tawi aliwekwa kijana aliyepewa bidhaa kwa mkopo. Kijana huyo aliuza vitambaa na chumvi, na palepale akanunua ngozi, ufuta, karanga au pamba. Chombo kilicholeta bidhaa hakikurudi kitupu, na faida ya kurudi ilipunguza gharama ya kwenda. Visram alifariki mwaka 1916, lakini njia yake ilibaki. Nanji Kalidas Mehta na Muljibhai Madhvani, Wahindu wa Gujarati walioanza na maduka madogo upande wa Uganda, walipita humo humo hadi wakafikia viwanda vya pamba na vya sukari, Lugazi na Kakira.

Mwaka huohuo wa 1916, mwezi Julai, majeshi ya Waingereza yaliiteka Mwanza. Miaka miwili iliyotangulia, ziwa lilikuwa uwanja wa vita, na njia ya Kisumu ilifungwa kwa biashara ya kawaida. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mji huu kuonja hatari ya kutegemea njia moja. Haikuwa ya mwisho.

Hesabu ya msimu

Baada ya vita, pamba ikawa uhai wa Usukuma, na duka likafuata mwendo wa pamba. Juu kabisa palikuwa na waagizaji wa Mombasa na Dar es Salaam. Chini yao walikuwapo wauzaji wa jumla wa Mwanza, na chini yao wenye maduka wa Magu, Misungwi, Ngudu, Nassa na vituo vingine vya ndani. Kila ngazi iliikopesha ngazi ya chini yake kwa miezi kadhaa. Mwenye duka wa kijijini naye alimkopesha mkulima hadi pamba iuzwe. Kwa hiyo jembe lililoshikwa na mkulima wa Kwimba mwezi Novemba huenda lilikuwa bado ni deni katika vitabu vinne tofauti, na deni hilo lote lilingoja mvua.

Hapo palihitajika elimu ambayo haikuandikwa popote. Majembe yalipaswa kuwa rafuni kabla ya mvua za kwanza. Kanga, mablanketi na baiskeli vilipaswa kufika kabla ya ununuzi wa pamba kuanza katikati ya mwaka, maana fedha ya mkulima ilikaa mkononi kwa majuma machache tu. Aliyeagiza mapema mno alifunga mtaji wake stoo, na aliyechelewa aliuza mwaka unaofuata. Kanga ilikuwa na hatari yake ya pekee: mtindo uliopendwa msimu huu ungeweza kukataliwa msimu ujao. Mwenye duka mwerevu alikuwa msikivu kuliko alivyokuwa msemaji. Aliwasikiliza akina mama waliosimama mbele ya kaunta, akaandika walichokiulizia na kukikosa, akapeleka habari hizo Mwanza pamoja na oda yake. Habari zilipanda kutoka kwa mteja hadi kwa mwagizaji, na bidhaa zikateremka kuwafuata.

Vitabu vya hesabu vilifungwa wakati wa Diwali, mwezi Oktoba au Novemba, ambapo kwa kawaida ununuzi wa pamba umekwisha au unakaribia kwisha. Hadi leo hufanyika ibada ya Chopda Pujan, ambamo vitabu vipya vya mwaka huwekwa mbele ya Mama Lakshmi na kubarikiwa kabla ya hesabu yoyote kuandikwa. Majirani wetu huona taa na fataki. Tungependa wajue pia maana ya kitabu kile. Kitabu kinachowekwa mbele ya Mungu hakipaswi kubeba hesabu ya uongo, iwe ni dhidi ya mwagizaji wa Mombasa au dhidi ya mkulima wa Misungwi.

Biashara hiyo iliacha alama katika lugha. Duka, gunia, debe, laki na hundi ni maneno ambayo Kiswahili na lugha za Bara Hindi zinashirikiana, na yalisafiri pamoja na mizigo. Debe lina habari yake. Lilikuwa kopo la bati la galoni 4 lililoleta mafuta ya taa. Mafuta yalipokwisha, kopo likawa kipimo cha mahindi na mpunga katika kila soko. Lilipochakaa, fundi alilikata akafua taa ndogo ya utambi, koroboi. Mafundi hao walifanya kazi kwenye miamba iliyo jirani na hekalu letu, na mahali pale panaitwa Makoroboi hadi leo. Kopo lililovuka bahari likiwa na mafuta lilimaliza safari yake likiwa taa mezani kwa jirani.

Mizani

Haiwezekani kuandika historia hii na kuiruka mizani. Wanunuzi wengi wa pamba na wenye vinu vya kuichambua walikuwa Wahindi, na wakulima wa Kanda ya Ziwa walilalamika kwa miaka mingi kwamba mizani iliwapunja. Mkulima alileta pamba yake, akatajiwa uzito ambao hakuwa na njia ya kuuhakiki, akalipwa na mtu yuleyule aliyemuuzia kanga na kumdai deni la msimu uliopita. Palipokuwa na mfanyabiashara mwaminifu, mkulima hakuwa na namna ya kumtambua. Palipokuwa na asiye mwaminifu, hakuwa na pa kwenda.

Jibu lilitoka kwa wakulima wenyewe. Walianza kwa kuweka wapimaji wao wa kujitegemea, waliopima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi. Kiongozi aliyejitokeza alikuwa Paul Bomani, kijana aliyezaliwa mwaka 1925, aliyeanzia kazi katika chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, kisha akazunguka Usukuma akihamasisha vyama vya msingi. Mwaka 1955 vyama hivyo viliunganishwa chini ya Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na kabla ya Uhuru ushirika huo ulikuwa umeichukua biashara ya kununua pamba na kumiliki vinu vyake. Ulihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, na Bomani akaja kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.

Wapo waliolichukulia tukio hilo kuwa hasara kwa jamii ya wafanyabiashara. Sisi tunalisoma tofauti. Mnyororo ambamo mtu mmoja anashika bidhaa, mkopo na mizani kwa pamoja ni mnyororo uliojaa shaka, na shaka huvunja kauli hata pale ambapo hakuna aliyeiba. Mizani ilipokuwa mikononi mwa wakulima, mwenye duka alibaki na kazi yake ya haki, kuuza bidhaa nzuri kwa bei inayojulikana, na mteja aliingia dukani akiwa na fedha ambayo hakuitilia mashaka.

Njia zilipofungwa

Miaka ya mwanzo ya Uhuru ilikuwa ya neema kwa usafiri wa ziwa. Meli ya Victoria ilianza kazi mwaka 1961, na katikati ya miaka ya 1960 zikaja Umoja na Uhuru, vivuko vilivyobeba mabehewa ya treni. Behewa lililopakiwa Mombasa liliweza kuvuka maji na kushuka Mwanza bila mzigo wake kuguswa.

Kisha likaja Azimio la Arusha la Februari 1967. Mabenki na makampuni makubwa ya kuagiza na kusafirisha bidhaa yalitaifishwa, na uagizaji ukawekwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa, STC. Lengo lilikuwa la heshima: kwamba uchumi wa nchi usiwe mikononi mwa wachache, na kwamba neno bepari, ambalo asili yake katika lugha za Bara Hindi ni mfanyabiashara tu, lisiwe jina la mtawala wa wengine. Mwaka 1971 nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilichukuliwa na serikali, na familia nyingi zikaondoka kwenda Uingereza, Kanada na kwingineko. Baadaye STC iligawanywa kuwa makampuni ya biashara ya mikoa, RTC, na mwaka 1976 Operesheni Maduka ikafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili nafasi zao zichukuliwe na maduka ya vijiji. Uhaba uliofuata ulikuwa mkubwa, na serikali ikalegeza amri yake.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwishoni mwa 1983. Meli zikagawanywa: Umoja ikabaki Tanzania na Uhuru ikabaki Kenya. Njia iliyoilisha Mwanza tangu 1901 ilikatika. Kwa pigo hilo, bei ya mafuta duniani na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi iliishiwa fedha za kigeni. Wenye umri wanakumbuka foleni za sukari na sabuni, vibali, bidhaa adimu, magendo ya mipakani, na msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983.

Si haki kuwatupia watumishi wa RTC lawama yote, kwa maana hawakuzifunga wao njia wala hawakuianzisha vita. Lakini kuna funzo katika namna utaratibu ule ulivyofanya kazi. Bidhaa ziligawanywa kwa mgao kutoka juu, na habari za kaunta hazikuwa na njia ya kupanda. Wilaya iliyokosa chumvi iliweza kupelekewa viatu. Mwuzaji hakuwa na kauli aliyompa yeyote, wala hakuna aliyempa kauli. Alikuwa mpokeaji wa mgao kama mteja wake.

Kutoka 1984 hadi leo

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na rafu zikaanza kujaa tena. Waliofungua maduka sasa walikuwa Watanzania wa kila asili, na pamoja nao wakaja machinga, vijana waliopanga bidhaa mitaani. Wengi huchukua mzigo asubuhi kwa mwenye duka la jumla kwa mali kauli, wakalipa jioni na kubaki na faida yao. Mabishano kuhusu nani apange bidhaa mtaa gani yamekuwapo, hata jirani kabisa na hekalu letu, nayo huenda hayajakwisha. Lakini tukumbuke kwamba machinga na duka la jumla ni pingili za mnyororo mmoja. Kijana anayepewa mzigo kwa neno lake leo amesimama pale alipopata kusimama kijana wa Kigujarati katika tawi la mbali.

Njia bado zinadai uangalifu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya abiria. Miongoni mwao walikuwamo wafanyabiashara wadogo waliolitegemea ziwa kwa riziki zao. Makaburi ya Igoma, hapa hapa Nyamagana, yanatukumbusha kwamba bei rahisi ya usafiri inayopatikana kwa kupuuza usalama hulipwa na mtu mwingine. Sasa daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, limeunganisha kingo za ghuba ambazo wahunzi wa Uzinza walizivuka kwa mitumbwi, na reli mpya ya kisasa inajengwa kati ya Mwanza na Isaka.

Kwa vijana wetu na wa majirani zetu watakaozisimamia biashara hizi kwa kompyuta na simu, tunaacha mambo matatu ambayo miaka hii yote imeyathibitisha. La kwanza, msiitegemee njia moja, iwe ya reli, ya maji, ya barabara au ya mwagizaji mmoja. Mwaka 1914 na mwaka 1977 zilionyesha gharama yake. La pili, msikilizeni mteja kabla ya kuagiza, na habari zake zifikeni kule mali inakotoka. La tatu, mizani iwe mahali ambapo wote wawili wanaiona. Mtandao wa simu unaweza kupeleka fedha kwa nukta chache, lakini kauli bado hutolewa na mtu na kupokewa na mtu.

Tunawashukuru majirani waliowaamini wazee wetu walipokuwa wageni, na waliobaki wateja na marafiki katika miaka ya uhaba. Maombi yetu katika maadhimisho haya ni kwamba vitabu vipya vitakavyobarikiwa Diwali ijayo viwe na hesabu ambazo jirani yeyote anaweza kuzisoma, na kukuta humo jina lake limeandikwa kwa haki.